Saul Solomon: mbunge aliyepanda kisanduku ili aonekane

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nikisoma historia ya Afrika Kusini nimekutana na jina la Saul Solomon, mbunge wa Koloni la Cape katika karne ya 19, anayesifiwa kuwa aliwatetea Waafrika bungeni. Lakini humohumo nasoma kwamba alitoka ukoo wa wafanyabiashara, alimiliki gazeti, tena alichapa nyaraka za serikali kwa malipo. Mtu wa namna hiyo alikuwa mtetezi kweli, au alikuwa analinda duka lake? Na kwa nini hakuwahi kuwa waziri?

JIBU: Marahaba. Umeuliza mambo mawili, na mimi naona la pili ndilo ufunguo wa la kwanza. Ukishajua kwa nini aliukataa uwaziri, utajua duka lilimsaidia nini na lilimfunga wapi. Ila inabidi tuanzie mbali kidogo, kisiwani.

Solomon alizaliwa tarehe 25 Mei 1817 katika kisiwa cha St Helena, kijiwe kilichojitenga katikati ya Atlantiki ya Kusini. Kisiwa kilikuwa mali ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, na mkazi wake mashuhuri wakati huo alikuwa mfungwa: Napoleon, mtawala wa zamani wa Ufaransa, aliyeletwa 1815. Akina Solomon walikuwa Wayahudi kutoka Uingereza. Aliyeanza kutia mguu pale ni ami yake, naye akiitwa Saul, ambaye mwishoni mwa karne ya 18 alifungua biashara katika mji wa Jamestown kisha akawaita ndugu zake. Meli zilizotoka India na China zilitia nanga hapo kuchukua maji, nyama na mboga, na mwenye duka bandarini hakosi mteja. Ami huyo aliuza vitu hata kwa nyumba ya Napoleon. Wanahadithia kwamba alipata kumpenyezea ngazi ya hariri ndani ya birika la chai ili atoroke. Hadithi tamu, wala sikulazimishi uiamini. Lakini kampuni aliyoianzisha ipo mpaka leo kisiwani, na bado inaitwa Solomon.

Kwa hiyo unaposikia "ukoo wa matajiri", usiwaze mashamba makubwa na watumwa wa urithi kama ya walowezi wa bara. Hawa walikuwa watu wa kaunta: bei, mkopo, meli inayokuja lini. Mteja wa kaunta anaweza kuwa wa rangi yoyote, na bendera yoyote, mradi analipa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mtoto Saul alipelekwa Uingereza kusoma shule ya bweni ya watoto wa Kiyahudi. Huko chakula kilikuwa haba, akaugua, na miguu yake ikaacha kukua. Alipofika utu uzima kiwiliwili na kichwa vilikuwa vya mtu mzima, lakini kimo hakikuzidi sana cha mtoto. Baadaye bungeni alikuwa akipanda juu ya kisanduku ili wenzake wamwone anapozungumza. Wapinzani wake hawakukosa kulitaja umbo lake magazetini, na wachora vibonzo ndiyo usiseme. Nalitaja mapema ili tusije tukaligeuza kuwa kiini cha habari yake. Waliomsikia hawakukumbuka kisanduku. Walikumbuka takwimu, kwa sababu alikuwa mtu wa kusimama na hesabu ya bajeti kichwani na kuwaumbua mawaziri mmoja baada ya mwingine.

Ukoo ulihamia Cape Town, na kijana akaingia Chuo cha Afrika Kusini, kilichofunguliwa 1829. Hakukaa sana. Aliingia kazini kama mwanagenzi katika kiwanda cha chapa cha George Greig. Hapa usipite haraka. Greig ndiye aliyechapa gazeti la kwanza huru la Cape, The South African Commercial Advertiser, mwaka 1824, na Gavana Lord Charles Somerset akatuma watu wakaupige muhuri mtambo wake. Vita ya uhuru wa magazeti ilichukua miaka kadhaa ndipo gavana akanyang'anywa nguvu ya kufunga gazeti kwa neno lake tu. Solomon basi alijifunza kupanga herufi za chapa za madini ya risasi kwa bwana ambaye mtambo wake uliwahi kufungwa na serikali. Sidhani kama mtu hulisahau somo hilo.

Baadaye biashara ya chapa ikawa yake, Saul Solomon & Co., ikakua hadi kuwa kampuni kubwa ya uchapaji Cape Town, na mitambo ikaendeshwa kwa mvuke. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa shirika la bima ya maisha lililozaliwa 1845 chini ya uongozi wa John Fairbairn, ambalo leo dunia inalijua kwa jina la Old Mutual. Gazeti la Cape Argus lilianzishwa na watu wengine mwaka 1857, yeye akiwa mchapaji. Mwaka 1863 akalichukua likawa lake.

Sasa twende bungeni. Katiba ya 1853 iliipa Cape Bunge lake, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1854. Masharti ya kupiga kura hayakutaja rangi. Mwanamume yeyote aliyefikisha miaka 21 na kukaa kwenye nyumba au ardhi yenye thamani ya pauni 25, au aliyelipwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, aliandikishwa. Wanawake hawakuwamo kabisa. Solomon alichaguliwa kuiwakilisha Cape Town katika Bunge hilo la kwanza, na ukiacha mapengo mafupi alibaki kwenye siasa hizo mpaka 1883. Tujipe nafasi ya kushangaa kidogo: kule London kwenyewe, Lionel de Rothschild, Myahudi, hakuweza kukaa kwenye kiti chake cha ubunge hadi 1858 kwa sababu ya kiapo cha Kikristo. Mtoto wa Kiyahudi wa St Helena alikuwa ameshatangulia miaka minne katika koloni. Ingawa, niseme ukweli, Solomon alikuwa tayari amekua katika Ukristo na kusali na Wakongregesheni, Waprotestanti ambao kila usharika wao hujiendesha wenyewe.

Na hapo ndipo ilipotoka kazi yake kubwa ya mwanzo. Serikali ya Cape ilikuwa inawalipa mishahara wachungaji wa Kanisa la Kireformati la Waholanzi, wa Waanglikana, na wa makanisa mengine machache. Wakongregesheni walikataa fedha hizo kwa kanuni ya imani yao. Waislamu wa Cape Town, wale waliotokana na watumwa na wafungwa wa kisiasa walioletwa kutoka visiwa vya Indonesia na kwingineko, walilipa ushuru kama wengine wakati maimamu wao hawapati kitu. Mwaka 1854 Solomon alipeleka muswada wa kukomesha ruzuku hiyo, kila dini ilishwe na wafuasi wake kwa hiari yao. Ukaangushwa. Akaurudisha. Ukaangushwa tena. Karibu kila mwaka alirudi nao, hata ikawa kama msimu wa mvua. Wabunge wakiona Solomon anapanda kisanduku wanajua kuna nini. Ulipita 1875, baada ya miaka 21, kwa sharti kwamba wachungaji waliokwisha kuajiriwa wasikatiwe riziki yao.

Mimi nikitaka kumpima mwanasiasa huyu huanzia hapo, wala si kwenye hotuba zake nzuri. Muswada ule haukumwingizia faida ya biashara. Kinyume chake, uliwaudhi wachungaji na waumini wa kanisa kubwa kuliko yote koloni, ambao nao walikuwa wateja na wapigakura.

Kuhusu tenda ya serikali: ni kweli, kampuni yake ilichapa Gazeti la Serikali na nyaraka za Bunge kwa muda mrefu. Kwa macho ya leo huo ni mgongano wa maslahi usio na mjadala, mbunge anasimama kukosoa matumizi ya serikali kisha anaenda ofisini kuandika ankara kwa serikali hiyohiyo. Hata wakati ule wapo waliomsema. Nisingependa kumpaka mafuta katika hili. Ila tazama upande wa pili pia. Tenda ile ilikuwa kamba ambayo serikali ingeweza kuivuta wakati wowote, na yeye aliendelea kuwapinga magavana na mawaziri kana kwamba kamba haipo. Aliyenunuliwa hafanyi hivyo.

Ndiyo tumefika kwenye uwaziri. Mwaka 1872 Cape ilipata serikali ya kujitawala kwa mambo ya ndani, na John Molteno, naye mfanyabiashara kwa asili, akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Solomon alikuwa jina la wazi kuingia barazani. Akakataa. Alitaka abaki mahali ambapo angeweza kuiunga mkono serikali Jumatatu na kuipinga Jumanne, kulingana na jambo lililo mezani. Wakati ule vyama vya siasa vilikuwa bado havijakomaa Cape. Wabunge walikwenda kwa makundi ya watu na majimbo, na mtu mmoja mwenye gazeti, mtambo wa chapa na kura kadhaa nyuma yake alikuwa na uzito kuliko waziri wa kawaida. Alijua thamani ya bidhaa aliyonayo. Hapo ndipo mfanyabiashara na mtetezi walipokaa katika mwili mmoja bila kugombana: biashara ilimpa riziki isiyotoka kwenye mshahara wa serikali, na riziki hiyo ikampa ulimi.

Lakini kuna jibu zito zaidi kwa swali lako, na hili halimhusu yeye peke yake. Wafanyabiashara wa miji ya Cape kwa jumla walikuwa na sababu ya kuwataka Waafrika wawe wakulima huru wenye mali. Mkulima wa Kixhosa au Kimfengu anayeuza sufu, ngozi na nafaka, kisha ananunua blanketi, jembe la kukokotwa na sukari, ni mteja. Akiwa na nyumba ya pauni 25 ni mpigakura pia, na kura yake haiendi kwa mlowezi anayetaka kumnyang'anya ardhi. Miaka michache baadaye, John Tengo Jabavu alipoanzisha Imvo Zabantsundu, gazeti la Kixhosa, kule King William's Town mwaka 1884, miongoni mwa waliomshika mkono kifedha alikuwamo mfanyabiashara wa mji huo. Kwa hiyo mwenye kusema "uliberali wa Cape", yaani siasa hiyo ya kura na sheria zisizotaja rangi, "ulikuwa uliberali wa duka" hajakosea sana. Kwa miaka 20 ya mwanzo, maslahi na kanuni zilitembea njia moja, na ni vigumu kusema ni lipi lililotangulia.

Njia ikagawanyika baada ya almasi. Almasi zilionekana 1867, na ndani ya miaka michache Kimberley ikawa shimo linalomeza watu. Mgodi hauna haja na mkulima huru. Unataka kibarua, tena wa bei ndogo, na mtu mwenye shamba lake hakubali kirahisi kuwa kibarua. Fedha kubwa za koloni zikaanza kutazama huko. Wakati huohuo serikali ya London ilikuwa inasukuma mpango wa Lord Carnarvon, Waziri wake wa Makoloni, wa kuyaunganisha makoloni yote ya Afrika Kusini, mpango ambao Molteno na Solomon waliupinga. Mwaka 1878 Gavana Sir Bartle Frere (ndiyo, yuleyule aliyekuja Zanzibar 1873 kumbana Sultan Barghash juu ya biashara ya watumwa) akamfukuza Molteno na kumweka Gordon Sprigg. Sprigg akaja na sheria ya kuwanyang'anya Waafrika silaha.

Solomon aliipinga. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa, mtu hawezi kuitwa raia mtiifu leo na kesho akanyang'anywa bunduki aliyoinunua kihalali kwa mshahara wa Kimberley, wakati jirani yake mweupe anaachiwa ya kwake. Serikali ikasonga mbele mpaka Basutoland, Wabasotho wakakataa, na vita ikapiganwa 1880 na 1881. Cape haikushinda. Wabasotho walibaki na bunduki zao, na 1884 Basutoland ikatolewa mikononi mwa Cape ikawa chini ya London moja kwa moja. Ndiyo mojawapo ya sababu kuna nchi inaitwa Lesotho leo.

Kisha kikaja kisa cha mahali panapoitwa Koegas. Katika vita vya mpaka wa kaskazini, kando ya Mto Orange, walowezi waliwaua mateka wa Kisan na Kikorana, wenyeji wa asili wa huko, wanawake na watoto wakiwamo. Watuhumiwa walipelekwa mahakamani Victoria West, mji mdogo wa wafugaji, ambako raia waliokaa kuamua kesi walikuwa walowezi wa hukohuko. Wakaachiwa. Cape Argus likamshambulia Mwanasheria Mkuu, Thomas Upington, kwa kuruhusu kesi isikilizwe mahali ambapo hukumu ilijulikana kabla ya shahidi kuapishwa. Upington akalishtaki gazeti kwa kashfa. Leo kuna mji mkubwa kando ya mto huohuo unaoitwa Upington. Wa Solomon sijapata kuuona.

Sasa jiulize, katika Koegas duka lilikuwa na faida gani? Wasan wa mpakani hawakuwa wateja wake wala hawakuwa wapigakura. Wasomaji wa gazeti walikuwa weupe, na wengi wao walikwishachoka na "mpenda-weusi", jina la dharau walilombandika. Hapo ndipo naona jibu la swali lako. Maslahi yalipokata kona, yeye hakukata.

Hata hivyo usimtoe kwenye zama zake. Hakuupinga ukoloni wenyewe. Aliamini kwamba sheria na Bunge la Kiingereza vikiendeshwa kwa haki vinamtosha kila mtu, na kwamba kura ipimwe kwa mali. Katika miaka yake yote hakuna Mwafrika aliyekaa bungeni Cape, na sioni kwamba jambo hilo lilimkosesha usingizi. Alitaka Mwafrika alindwe na sheria moja na mzungu. Kwamba Mwafrika huyo aitunge sheria hiyo ni hatua ambayo hakuifikia. Kwa upande wa wanawake alikwenda mbele kidogo. Alikuwa mstari wa mbele kufuta sheria ya 1868 iliyowaruhusu polisi kuwalazimisha wanawake waliodhaniwa makahaba kupimwa maradhi, ikafutwa 1872, ingawa ilirudishwa 1885 yeye akiwa ameshatoka.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 56, alimwoa Georgiana Thomson, Mskoti aliyekuja kuongoza shule ya wasichana ya Good Hope Seminary, mdogo wake kwa zaidi ya miaka 25. Nyumba yao ya Clarensville, Sea Point, ilikuwa mahali pa kupokea wageni wa kila namna. Mwaka 1881 binti yao alizama majini, pamoja na mlezi aliyejitosa kumwokoa. Afya ya Solomon nayo ilikuwa imeanza kumwacha.

Mwaka huohuo akaliuza Argus. Mnunuzi alikuwa mhariri wake, Francis Dormer. Kwa macho ya watu gazeti lilibaki kwa wenyewe. Kilichofichwa ni kwamba Dormer alikuwa amepewa fedha na kijana mmoja wa almasi aliyechaguliwa mbunge mwaka huo kutoka Barkly West, Cecil Rhodes. Mtambo uliotumika kumshambulia Upington ukawa karibu na mfuko wa mtu aliyetaka nchi yote hadi Zambezi na kwingineko. Baadhi ya wanahistoria hupita hapa kwa sentensi moja. Kwangu mimi ni kosa kubwa kuliko tenda ya serikali, hata kama Solomon hakujua fedha zilikotoka. Mtu aliyekulia kwenye kaunta hana udhuru wa kutouliza noti zinatoka mfuko gani.

Alitoka bungeni 1883, na mwaka 1888 familia ikahamia Uingereza. Mpwa wake Richard alikuja kuwa mwanasheria mkuu na mtu mkubwa katika siasa za Transvaal, na mpwa mwingine, William Henry, akawa Jaji Mkuu wa Afrika Kusini. Mjane wake Georgiana aliingia katika harakati za kura za wanawake, na mwaka 1912, akiwa bibi wa zaidi ya miaka 60, alifungwa jela London kwa kuvunja vioo vya madirisha ya Bunge. Binti yao Daisy ndiye yule aliyejituma kwa posta mwaka 1909, kama barua, hadi nyumbani kwa Waziri Mkuu Asquith.

Huku nyuma, koloni lilikuwa linaifunga milango aliyoikuta wazi. Mwaka 1887 Sprigg alipitisha sheria iliyokataa ardhi ya pamoja ya kikabila isihesabiwe kama mali ya kumpa mtu kura. Waxhosa waliiita Tung'umlomo, kushona mdomo. Mwaka 1892 Rhodes, sasa Waziri Mkuu, alipandisha kiwango cha mali kutoka pauni 25 hadi 75, na kumtaka mpigakura ajue kuandika jina, anuani na kazi yake. Mwaka huohuo kampuni ya Argus, ambayo ilikwishafika Johannesburg, ilikuwa Salisbury (Harare ya leo) ikichapa Rhodesia Herald kwa ajili ya walowezi wa Rhodes. Solomon alifariki tarehe 16 Oktoba 1892 huko Kilcreggan, Scotland, akiwa na miaka 75.